Mzani Kwenye Baraza la Baba Mkwe

Tumpe, begi la kazi ya afya nililokukabidhi mbele ya mwenyekiti wa kijiji zipu yake haifungi mpaka uibane kwa vidole viwili. Hilo nilisahau kukuambia. Kuna mengine mengi nilisahau, kwa sababu siku ile watu walikuwa wanapiga picha. Kwa hiyo nimechukua daftari la mjukuu na ninaandika kidogo kidogo kila nikimaliza kulisha kuku. Niliishia darasa la nne, utanisamehe herufi. Na wenzako wa vijiji vingine mliopokea mabegi ya wazee wenu, someni pamoja naye. Habari za posho na semina mtaambiwa na wengine, maana hizo zina wasemaji wengi.

Mimi si mtu wa huku kwa kuzaliwa. Nilizaliwa Uheheni, kijiji cha jirani na Tosamaganga, upepo ukigeukia upande wetu tulikuwa tunasikia kengele ya misheni. Mama yangu mkubwa, Felista, alikuwa mkunga wa jadi. Ndiye aliyeniingiza kazini, kama kumshikia mtu taa ni kuingia kazini. Mama wa kwanza niliyemwona akijifungua aliitwa Kristina, na mtoto akaitwa Anzelma. Nilitumwa maji ya moto, nikajikwaa kwenye kizingiti, sufuria ikamwagika yote. Mama mkubwa hakunigombeza. Alisema, "Nenda kachemshe mengine, mtoto hawezi kurudi alikotoka." Anzelma sasa ana wajukuu. Akinipigia simu ananiita shangazi wa maji.

Baadaye serikali ikataka kila kijiji kitoe mtu wa afya. Kijiji kikanitoa mimi. Tulifundishwa na Nesi Sabina, mwanamke mfupi wa Kibena aliyevaa raba hata kanisani, kwa sababu alisema mama mjamzito haangalii kalenda ya Jumapili. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wanane hawajui kusoma. Kitabu chetu kilikuwa cha picha tupu. Mimi wa darasa la nne nikafanywa msomaji wa kundi, nikatembea na kiburi wiki nzima. Nesi Sabina akanishika bega akaniambia, "Melania, kusoma maandishi umeweza. Sasa jifunze kusoma uso." Nilimwitikia ndiyo, lakini niliyaelewa maneno hayo miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Mume wangu Kastori, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa kujenga. Kazi ikamwita Mbeya, tukapanga chumba Ilomba. Pale uani tulikuwa kila kabila na kila dini. Mama Zuhura, Mwislamu, mfanyabiashara wa khanga ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa ananicheka Kiswahili changu. "Wewe Mhehe, hata ukisema karibu mtu anadhani unamfukuza." Lakini uji wangu wa ulezi aliupenda, na mtoto wake wa mwisho alizaliwa mikononi mwangu kabla gari halijafika. Yule mtoto akaitwa Mwanaidi.

Tukapata kiwanja huku milimani, Nsongola, tukahamia. Mnajua wenyewe hali ya huku. Mvua haina adabu. Udongo mzuri, viazi vinazaa, lakini barabara ikilowa hata ng'ombe anafikiria mara mbili. Wanaume wengi wakaenda Chunya kutafuta dhahabu, wake wakabaki na jembe na wakwe. Zahanati iko mbali, mwendo wa saa mbili kwa mguu mzima, na kwa mguu wa mjamzito sitaki kusema. Unafika, dawa nyingine imeisha. Mama anataka kupelekwa hospitali, lakini wa kutoa ruhusa ni mume, na mume simu yake haipatikani. Nikafundishwa kusema kwenye mikutano, "Tumbo halisubiri mtandao." Watu wanacheka, halafu wanasubiri mtandao.

Kijiji kikanichagua tena, nikavaa mabuti ya mvua na sikuyavua mpaka nilipokukabidhi wewe begi. Kuzalisha nyumbani kulikuwa kumeshakatazwa, kazi yetu ikawa kushauri na kusindikiza. Sikukasirika kama wakunga wengine. Nilishaona damu ambayo mikono haiwezi kuizuia.

Vifaa vyangu ni hivyo ulivyovikuta. Mzani wa kuning'iniza na kaptula yake ya kumvalisha mtoto. Kagua kamba zake kila mara. Utepe wa kupima mkono, wenye kijani, njano na nyekundu. Utepe huo usimwonyeshe mama rangi kabla hujakaa chini. Nilimwonyesha Atuganile nyekundu nikiwa nimesimama, mjukuu wake Gwamaka akiwa amevimba miguu na nywele zimekuwa kama za hindi. Yule bibi akadhani ninamhukumu, akanifungia mlango wiki mbili. Alikuwa anamlisha mtoto viazi na chai asubuhi, viazi na chai jioni, kwa sababu maharage yote aliyauza, na mayai pia. Nilirudi na soya kwenye kibakuli, sikutoa utepe, nikamwomba anisaidie kusaga. Tukasaga, tukapika, Gwamaka akala. Sasa ndiye anayebeba magunia mawili pale sokoni na kunitania kwamba nimekonda. Simu ile kubwa ya kujazia taarifa wamekupa wewe, mimi nilikuwa nayo mwaka wa mwisho tu. Ilikuwa inaniuliza kama kaya ina choo bora wakati mimi nimesimama ndani ya tope natafuta kaya yenyewe.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Kila mwezi nesi wa zahanati alikuwa anakuja kijijini na huduma ya mkoba, chanjo kwenye kasha la baridi, kupima watoto, kupima wajawazito. Miaka ile nesi alikuwa Upendo, bado binti, mwepesi wa kucheka. Tulikuwa tunafanyia kliniki ofisi ya kijiji. Masika moja upepo ukang'oa paa la ofisi, mabati tukayakuta shambani kwa watu. Nikaambiwa nitafute mahali.

Mzee Andulile alikuwa na nyumba yenye baraza pana kuliko nyumba zote za Nsongola, sakafu ya saruji, paa linatoa mvua mbali. Ni mtu mrefu, mkulima wa viazi, ana pikapu yake. Nilipomwomba hakufikiri. Alisema, "Mama Melania, walete. Baraza limejengwa kwa ajili ya watu." Tukafunga ndoano ya mzani kwenye boriti yake. Siku ya kliniki anaoga, anavaa koti, anakaa kwenye kiti chake cha ngozi pale mwanzo wa baraza, anakaribisha kila anayekuja. "Karibuni, karibuni, leteni watoto wanenepe." Mimi nikafurahi sana. Nesi Upendo akafurahi. Wakubwa wa wilaya walipopita wakasema baraza lile ni mfano wa kuigwa.

Mwezi wa pili nikaona pengo. Kulikuwa na wanawake fulani hawaji. Nikahesabu, saba: Bupe, Subilaga, Tusekile, Neema wa bondeni, Neema wa mlimani, Lusubilo na Ambwene. Wote vijana, wote wameolewa ukoo ule ule wa Mzee Andulile, kwa wanawe au kwa wana wa ndugu zake. Mwezi wa tatu hawakuja. Niliona tu kwamba ni wa ukoo mmoja, nikasema basi ni ukoo wenye kiburi.

Aliyeniudhi zaidi alikuwa Bupe, mke wa Lusajo, mtoto wa kwanza wa Mzee. Lusajo alikuwa Chunya. Bupe alikuwa na mimba ya tatu na alikaa nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya Mzee. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye mzani ni hatua arobaini. Nilizihesabu, kwa hasira. Wengine wanavuka mto na mtoto mgongoni, yeye hatua arobaini zinamshinda.

Nikamfuata kwake.

"Ugonile, Bupe."

"Ugonile, Bibi. Karibu kiti."

"Sikai. Kliniki mbona sikuoni?"

"Nitakuja, Bibi."

"Mwezi jana ulisema hivyohivyo."

"Nilikuwa shamba."

"Shamba lina miguu? Lingekukimbia?"

Akatabasamu akitazama chini, akaniletea ndizi za kuchemsha. Nikala ndizi zake, nikatoka nje, nikafungua rejista kwenye nafasi ya maelezo na kuandika neno moja: mkaidi. Nikaandika hivyo kwa wote saba. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Tumpe, wewe ni Mnyakyusa, umeshacheka au umeshasikitika. Lakini wenzako wengine ni Wahehe, Wabena, Wasangu, kwa hiyo nieleze. Mkamwana wa Kinyakyusa, aliyelelewa kwa mila, hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hali chakula mbele yake, hatamki jina lake. Akimwona njiani anaingia kwenye majani mpaka apite. Baba mkwe naye analinda heshima hiyo, akikaribia nyumbani anakohoa kutoka mbali ili wakamwana wapate nafasi ya kujitenga. Wanaita kutila. Na si baba mkwe mmoja tu, ni pamoja na ndugu zake. Kwetu Uheheni mkamwana anapiga magoti, anamnawisha baba mkwe, yamekwisha. Baba yake Kastori alikuwa anakula ugali wangu na kuniambia wazi kwamba umelegea.

Je, nilikuwa sijui? Nilikuwa najua. Nilishawaona wanawake wakiingia kwenye majani. Nilishamsikia Mzee Andulile akikohoa kila jioni. Lakini nilidhani mambo hayo ni ya njiani na jikoni. Nilidhani shughuli ya serikali haina ukwe, kwamba mzani ukishaning'inia pale, baraza limegeuka zahanati na Mzee amegeuka mlinzi. Hilo ndilo kosa langu, na nimeliandika lote.

Mwezi wa tano tangu tuhamie barazani, asubuhi, nilimkuta mke wa Mzee Andulile, Sekela, anapepeta maharage nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Nikamwambia, "Mama Lusajo, mkamwana wako atanitia aibu kwa Nesi. Kliniki mlangoni na haji."

Sekela akanitazama. Akaweka ungo chini. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Wewe Mhehe! Umemkalisha mkwe mlangoni halafu unauliza kwa nini wakamwana hawaingii? Apite wapi, juu ya paa?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe si unajua kila kitu? Kila mwezi unatufundisha hata kunawa mikono."

"Na wao kwa nini hawakusema?"

"Waseme nini? Waseme mzee wa watu aondoke kwenye baraza lake? Mkamwana gani ana mdomo huo?" Kisha akaacha kucheka. "Ila huyu Bupe umwangalie. Tangu jana kichwa kinamuuma. Anasema anaona vimulimuli, na jua limewaka."

Maharage nikayaruka. Bupe alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka. Uso umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Vidole kama ndizi mbichi. Nikambonyeza muundi, alama ya kidole ikabaki pale, haikurudi. Nilikuwa nimekula ndizi zake mwezi mmoja kabla nikiwa nimesimama mlangoni na hasira zangu, na miguu yake sikuitazama.

Nikampigia Nesi Upendo. Hakucheka siku hiyo. "Bibi, hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba. Mlete sasa hivi. Na asipande pikipiki, akishikwa njiani ataanguka." Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande mwingine kumchukua mama mwingine. Gari lililokuwepo Nsongola asubuhi ile lilikuwa moja, pikapu ya Mzee Andulile, na ilikuwa uani kwake inapakiwa viazi.

Nikamwendea. "Mzee, nahitaji gari."

"La nini?"

"Mgonjwa."

"Nani?"

"Wa nyumba ya nyuma."

Akatazama mabuti yake. "Dereva hayupo. Lusajo ndiye anayeendesha watu."

"Na wewe?"

"Mimi naendesha viazi."

"Mzee, ana mimba ya miezi saba na anaona nyota mchana. Ile heshima unayomlindia, akifa utampa nani?"

Alipanda nyuma ya gari na kuanza kushusha magunia mwenyewe, akiyatupa chini kama mito. Alipomaliza akavua koti lake, akanipa. "Afunikwe na baridi." Akaingia kwenye usukani, akageuza kile kioo cha ndani kikatazama juu ya paa, akainama kukunja vioo vya nje. Halafu akakohoa, kwa nguvu, ili tujue kwamba hatazami, tumlete.

Bupe akagoma. "Bibi, siwezi. Watasema nimepanda gari na baba."

"Watasema ukiwa hai unawasikia."

"Bibi, siwezi."

Sekela ndiye aliyemaliza. "Panda, mwanangu. Mimi nitakaa katikati yenu." Tukamlaza nyuma juu ya magunia matupu na blanketi. Sekela akakaa akiegemea kibini ya dereva, akakitandaza kitenge chake juu ya kioo cha nyuma, akakishika kwa mikono miwili njia nzima kama mtu anayeanika nguo kwenye upepo. Mimi nikakishika kichwa cha Bupe.

Ile safari, Tumpe, mpaka leo sijui niiite ya huzuni au ya kuchekesha. Mzee alikuwa anapaza sauti kupitia dirisha la pembeni.

"Mama Melania! Mwambie mgonjwa wako kuna shimo mbele!"

"Bupe, Mzee anasema kuna shimo."

"Nimesikia, Bibi."

"Mzee, anasema amesikia!"

"Mwambie ajishike!"

"Bupe, ujishike."

"Nimejishika. Bibi, mwambie anayeendesha, viazi vinaumia."

Sekela alicheka mpaka kitenge kikamponyoka kona moja, akakirudisha haraka. Nikapeleka ujumbe jinsi ulivyo. Gari likapunguza mwendo, likawa linapita mashimo kama linabeba mayai.

Tulipofika zahanati, Nesi Upendo alipima presha, akaipima tena mkono mwingine. Akachoma sindano, akaingia garini pamoja nasi, twende hospitali. Kona ya mwisho kabla ya lami Bupe akashikwa. Macho yakapinduka, mwili wote ukakakamaa na kutikisika. Tukamlaza ubavu, Nesi akimshika, mimi nikimwita jina. Mzee alisikia. Aliendesha na taa zimewaka mchana, mkono juu ya honi.

Walimpasua mchana huohuo. Bupe akaokoka. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, anatosha kwenye viganja viwili. Sekela akampa jina, Lugano. Waganga na manesi walifanya yote waliyoweza, aliishi siku mbili. Ninaliandika jina lake hapa kwa sababu kwenye rejista yangu hakuwahi kuingia.

Siku ya tatu Mzee Andulile alifika hospitali amevaa kofia ya msibani. Alinikuta nje ya wodi. Akaniambia, "Mwambie mgonjwa wako pole." Nikageuka niende. Nilipofika mlangoni akaniita, "Ngoja." Akazunguka jengo, akapita kwenye majani yenye maji, akafika chini ya dirisha la kitanda cha Bupe. Alisimama akiwa ameupa ukuta mgongo, anatazama tangi la maji. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani, nilimsikia kama wote walivyomsikia.

"Mwanangu. Pole. Pole sana, mwanangu."

Bupe aligeuza uso ukutani. Sekela alikuwa anakunja nguo, mikono ikasimama. Halafu Bupe akasema, kwa sauti ya mtu mwenye mshono, "Ndaga, baba." Yaani asante, baba. Miaka kumi alikuwa ameolewa pale. Ndiyo mara ya kwanza kusemeshana.

Tuliporudi nyumbani, msiba ulipotulia, nilikwenda kwa Mzee. Alikuwa amekaa barazani. Ndoano ya mzani ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake.

"Mzee, nakuja kuhamisha kliniki."

"Watoto wamechafua?"

"Hapana."

"Nesi hapendi?"

"Anapenda. Mzee, wakamwana wako hawawezi kupita hapa ukiwa umekaa. Hata usipokaa, hapa ni kwako. Wamekosa kupimwa miezi mitano."

Akafikiri. "Wangapi?"

"Saba."

Akahesabu kwa vidole, wake wa wanawe, wake wa wana wa ndugu zake. Vidole vikafika saba vikaisha. "Na mimi nilikuwa nakaa hapa nawakaribisha."

"Wewe ulitoa baraza, Mzee. Mimi ndiye niliyeweka mzani bila kuuliza. Niliwaandika wakaidi."

"Umewaandika kwenye kitabu cha serikali?"

"Ndiyo."

"Futa."

"Nimekata mstari, Mzee. Kufuta sitafuta. Acha ionekane."

Alipanda juu ya kiti chake cha ngozi, mtu mzima yule, akaifungua ndoano kwenye boriti, akanipa mkononi. Kwenye kikao cha mwezi pale zahanati niliusoma ukurasa ule kwa sauti mbele ya wenzangu wote. Mmoja akaniambia, "Bibi, ungenyamaza, nani angejua?" Bupe angejua, nikamjibu.

Sasa hili ndilo la kazi, lishikeni. Kabla ya kuchagua mahali pengine, sikuuliza tena baraza gani ni pana. Nilikwenda na Subilaga na Tusekile, tukatembea njia zote za kijiji, na kila tulipofika nikauliza, "Nani hapiti hapa?" Kanisani wakasema, pale ni pazuri lakini pana njia ya baba zetu kwenda kilabuni. Shuleni, pazuri, lakini mwalimu mkuu ni mdogo wake Mzee. Ilituchukua siku mbili. Mwishowe tukafika kwa Anyosisye, mjane, chini ya chemchemi. Nyumba ndogo, baraza la udongo, paa la kuvuja kona moja. Lakini kwake kulikuwa na njia tatu, na moja inapita nyuma, kwenye migomba, ambako mwanamke anaweza kutembea bila kuonekana na mtu. Anyosisye alikubali, ila akasema chai hatapika. Wakubwa wa wilaya walipopita wakauliza kwa nini tumetoka kwenye saruji tukaja kwenye udongo. Nesi Upendo akawaambia wahesabu watu.

Siku ya kwanza ya kliniki pale, manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilifika mapema kufunga mzani. Wakaja Subilaga, Lusubilo, Neema wote wawili, Ambwene na mapacha wake. Tusekile alikuja na mimba changa ambayo hata mimi nilikuwa sijaijua. Nikawa naandika, kichwa chini, maana foleni ilikuwa imeshafika kwenye migomba.

Nilipoinua kichwa nilimwona Bupe. Watoto wake wawili wakubwa walikuwa shule, wa tatu hakuwepo, kliniki haikuwa na kitu cha kumpima zaidi ya presha, na presha ilikuwa imeshapimwa hospitali. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, Bibi. Nimekuja."

Akatundika mwavuli wake kwenye msumari, akanawa mikono. Akampokea mtoto wa Subilaga aliyekuwa analia, akamvalisha ile kaptula ya mzani, mguu mmoja, mguu wa pili, akamwachia taratibu mpaka mshale ukatulia. Kisha akanisomea kilo. Nikaandika. Akamtoa, akampa mama yake, akanyoosha mikono kumpokea wa Lusubilo.